Bata wa Tekla

Kijijini Olszynka bata ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana na ndoo ya pumba huulizwa kama mkewe anaumwa. Bonifacy alikuwa mtu wa farasi. Kwa miaka arobaini aliburuta magogo msituni, na hata farasi wake wa mwisho alipouzwa aliendelea kutembea na kipande cha hatamu mfukoni, kwa mazoea tu. Bata wa mkewe aliwajua kwa kelele zao na kwa vinyesi alivyokanyaga mlangoni, basi. Ndipo mwezi wa Oktoba Tekla akafariki, akamwachia bata sita: majike watano, na dume mmoja mwenye shingo ya kijani na jeuri isiyo na kipimo.

Siku chache kabla ya kufa Tekla alimshika mkono akamwambia, "Wavushe baridi hii tu." Namna ya kuwavusha hakusema, na Bonifacy kwa ukaidi wake hakuuliza.

Novemba, watu wanapochinja ndege wao na kubakiza wachache wa mbegu, majirani walimshauri awachinje wote apumzike. Akawanunia wiki nzima. Wale bata ndio kitu pekee chenye uhai kilichobaki cha mkono wa Tekla, na wakifa, kwake itakuwa Tekla amekufa mara ya pili. Hivyo ndivyo alivyoona, wala hakuona haya kuona hivyo.

Januari baridi ikaja kwa kishindo, digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Bonifacy akafanya lile ambalo kila mwanamume wa Olszynka huifanyia nyumba yake kabla ya theluji: alirundika mabua na majani ya msonobari ukutani, akayabana kwa fito. Ila nyumba huzungushiwa mpaka chini ya madirisha. Yeye banda la bata alilizungushia mpaka paani. Huko juu, chini ya paa, alikuta mwanya wa upana wa kiganja, akashangaa Tekla alikuwa na akili gani kuacha upepo uingie, akaushindilia mabua. Halafu akaingiza ndoo ya maji ndani, wasije wakapata taabu ya kutoka nje. Siku hiyo alilala akijisifu.

Asubuhi ya nne alipofungua mlango, harufu ilimchoma macho. Kuta zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, upande wa ndani, matandiko yamelowa chapachapa, na jike mmoja wa rangi ya kahawia, Tekla akimwita Ruda, alikuwa amegandana macho na kukoroma kifuani. Bonifacy, Mungu amsamehe, akadhani ni baridi bado, akaongeza mabua. Kesho yake hakusikia mlio wowote. Hata dume, ambaye kila siku alikuwa akimfukuza kwa kumng'ata viatu, alimtazama tu.

Mtu mmoja tu pale kijijini aliwajua bata kumshinda Tekla, naye ni Leokadia wa nyumba ya pili. Miaka kumi na mmoja wanawake hao hawakusemezana, kisa dume la Tekla lilivuka uzio, na masika yote yale mayai ya bata weupe wa Leokadia yakatotoa vifaranga wa madoadoa. Bonifacy alisimama langoni kwake mpaka ndevu zikaganda. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, akagonga.

Leokadia alipomwona akauliza, "Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Bata wa Tekla ndio wanakufa."

Mama yule akavaa shali, akatangulia mbele.

Pale bandani alipeleka mkono kwenye matandiko, akautoa umelowa. "Umewapika hawa."

"Nimewakinga na baridi, jirani."

"Baridi bata anaizoea, amevaa manyoya. Kinachomuua ni unyevu. Sita wanapumua humu usiku kucha, hiyo pumzi itokee wapi, mzee, na wewe umeziba juu kote? Farasi wako ungemfungia hivi?"

Wakaufungua mwanya, wakatoa matandiko yote kwa uma wa shambani, wakatandika mabua makavu yaliyofika magotini. Ndoo ilitolewa nje, ikatiwa maji ya uvuguvugu yenye kina cha kumwezesha bata kuzamisha kichwa na kuosha macho, na maagizo yakawa kuibadilisha kila ikianza kuganda. Juu ya theluji walimwaga mabua ili nyayo zisigande. Leokadia aliamuru, Bonifacy akatii, jambo ambalo marehemu angelipa nauli kuja kuliona.

"Nilikuwa nangoja aje aniombe radhi," Leokadia alisema akiwa amempa mgongo. "Mbishi yule."

"Naye alikuwa anakungoja wewe."

Leokadia alijifuta uso kwa ncha ya shali, akaendelea kutandika.

Ruda walimwingiza jikoni. Leokadia alimwosha macho kwa maji ya chumvi, akaonya kwamba akishazoea joto asirudishwe nje mpaka baridi ipungue. Kisha akasema, "Mlete na mwingine."

"Mwingine haumwi."

"Sijasema anaumwa. Huyu ukimweka hapa peke yake, hata kifua kikipona hatakula. Bata hali peke yake."

Bonifacy akamleta jike mwingine chini ya koti. Yule alipolia mara moja tu, Ruda akanyanyua shingo na kujibu kwa sauti iliyokwaruza, na baada ya kitambo wote wawili wakaingiza midomo kwenye bakuli la shayiri. Machozi yalimtoka Bonifacy, akayaacha yatiririke.

Juu ya jiko kulikuwa na sufuria. Leokadia aliifunua akaona viazi vimekauka juu, havijaguswa.

"Hivi vya lini?"

"Vya juzi."

Leokadia akavimwaga kwenye ndoo ya pumba za bata. Kisha akavua shali, akaitundika msumarini, akavuta kiti, akamwambia amenye vingine, vya watu wawili.