Mamba wa Kilo Mbili na Wanunuzi wa Kobalti

Kampuni kubwa ya shaba iliposimama, akina baba wa mtaa wetu wa Makomeno, waliozoea kutoka asubuhi na makoti ya kazi, walibaki vibarazani wakitazama viatu vyao. Baba yangu hakuweza kukaa hivyo. Alichukua msumeno na mawe ya malakiti, yale ya kijani yenye miduara, akaanza kuchonga mamba, mayai na visanduku. Lakini wageni waliokuwa wakinunua vitu vile walikuwa wamekimbizwa na vita. Basi akatangaza kwamba visipouzika kabla ya mvua, ataenda Kambove na wenzake kuchimba madini kwa mikono.

Mama aliposikia neno Kambove akaweka sahani chini. Shimo la huko lilikuwa limemfukia mume wa jirani yetu.

"Papa hataenda," kaka yangu mkubwa akasema. "Nitamufanyia site."

Hapo ndipo raha ilipoanza. Kaka alikuwa amesomea kompyuta, na alikuwa akifanya kazi kwenye saiba moja ya intaneti mjini. Akatengeneza tovuti, mamba akajilaza ukurasa wa kwanza, na anwani yetu chini yake. Tulipoandika "malakiti" kwenye mtambo wa kutafutia, tulijikuta nyuma kabisa, ambako hakuna anayefika. Baada ya muda akaniita nikaone. "Andika kobalti," akasema. Tulikuwa wa kwanza! "Andika almasi." Ukurasa wa kwanza tena! Tukarukaruka na kukumbatiana hadi mwenye saiba akatuomba tuhurumie viti vyake. Kwamba hatukuwa na almasi wala kobalti, kwa furaha ile sikuwaza hata kidogo.

Wageni hawakuchelewa. Gari likasimama mlangoni, wakashuka mabwana wawili wenye tai. Baba akavaa koti lake la harusi, akawawekea mamba mezani.

"Tani ngapi kwa mwezi?" mmoja akauliza kwa Kifaransa.

Baba akamwangalia mamba vizuri. "Huyu? Iko kilo mbili."

"Kobalti, mzee. Kobalti!"

Baba, ambaye hajawahi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu, akampa yai la malakiti. Mimi nilikimbilia jikoni na kujiziba mdomo kwa kitenge, mbavu karibu zivunjike.

Wakaja wengine, wa dhahabu, wa almasi. Yule wa almasi alinong'ona hata alipoomba maji. Tukacheka wote, isipokuwa baba. Siku moja gari liliposimama hakuvaa koti. "Banatafuta muntu mwingine," akasema, akaenda kushona mkoba wake wa safari ya Kambove. Kicheko kikanikauka. Niliona uchungu kwa ajili yake, na hasira.

Nikashuka mjini moja kwa moja hadi saiba, nione wageni hao wanaletwa na nini. Nikauburuta mshale wa kompyuta juu ya nafasi nyeupe iliyobaki tupu chini ya mamba na anwani yetu, na maneno yakaibuka: kobalti, almasi, dhahabu, kobalti tena, safu kwa safu. Yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, mtambo uyasome na watu wasiyaone.

"Yaya, hii iko nini?" nikamuuliza kaka.

"Technique. Bote banafanya."

"Hii iko gunia ya makala ya kupikia yenye kujazwa majani chini!"

"Lakini bantu banakuya!"

"Banakuya, na banarudia kwabo bila kununua!"

Tungali tunagombana, mtambo ukatuamulia. Ulitukamata na ujanja wetu. Ukurasa wetu ulifutwa kwenye matokeo yote, hata kwa neno malakiti. Kaka akawa mpole ghafla.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, sawa, lakini chema nacho kinapaswa kusema kilipo. Nikaketi nikaandika nilichokiona nikiwa kando ya baba: kwamba malakiti ya kweli ni baridi shavuni hata siku ya jua kali, kwamba miduara yake hairudii sura, kwamba sisi hatuna kobalti, na kwamba baba anatengeneza hata vilivyovunjika. Kaka, amenuna, akafuta maneno meupe, akawaomba wenye mtambo watuangalie upya. Nikawaandikia wapenzi wa mawe waliokuwa na tovuti yao: someni, mkipenda mtutaje. Wakatutaja, na mtambo ukaturudisha polepole.

Hakuna gari lililokuja. Mawingu yakaanza kujikusanya, na baba akaagana na rafiki zake wa kanisani. Kisha ikaingia barua pepe ya mama mmoja wa Ubelgiji. Alikuwa amerithi kisanduku cha malakiti, kifuniko kimevunjika, na ni sisi peke yetu tulioandika kwamba tunatengeneza.

"Kifuniko tu?" kaka akasema.

Nilichapisha picha za kisanduku alizotuma nikakimbia nazo nyumbani. Baba akazipeleka kwenye mwanga. Halafu akaanza kumtukana aliyekichonga.

"Nani alikata hii? Hakufata mistari ya jiwe hata kidogo!"

Akapindua mawe yake yote uani akitafuta linalofanana. Asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza ikanyesha, na wenzake wa Kambove wakasimama getini wakimwita. Mama naye alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani Kasungami, ameloa chapachapa, akawakuta. Alinitazama mimi, hakuthubutu kuuliza. Baba hakuinua hata kichwa, vumbi la kijani limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Mwende tu!" akapaza sauti. "Miye niko na kazi."

Mama akasimama palepale kwenye mvua.

"Sema tena," akamwambia.