Jiwe la Msingi la Kansanga

Serikali moja ya ng'ambo ilituahidi kituo cha mtihani wa udereva hapa Kansanga. Wakubwa wakaja, wakaweka jiwe la msingi lenye maandishi ya dhahabu, wakapiga picha, wakaenda zao. Kwetu ahadi ni deni. Kwao ni picha ya gazeti. Mwaka uliofuata wakakata misaada, kiwanja kikaota nyasi.

Hajati Rahmah, Mnubi aliyeendesha lori la marehemu mumewe mpaka Juba kwa miaka mingi, hakumngoja mtu. Alifyeka nyasi, akapanga matairi makuukuu, akaanza kuwafundisha wanawake udereva kwa pikapu yake.

Jana akaja afisa na polisi wawili.

"Hajati, ondoka. Kiwanja hiki ni cha mradi."

"Mradi gani, mwanangu? Nionyeshe ulipo, niondoke sasa hivi."

Afisa akatazama huku na huku, mwishowe akanyoosha kidole kwenye lile jiwe.

Hajati akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akampa kisogo, akamgeukia mwanafunzi wake Naila, aliyekuwa akirudisha pikapu nyuma.

"Polepole, binti! Jiwe hilo usiligonge. Ndicho kituo chote tulichojengewa!"