Si Asali ya Bibi

Ile asubuhi bado ninayo miguuni, mdogo wangu. Nakuandikia wewe unayeingia kidato cha kwanza na aibu ileile niliyoingia nayo mimi, maana nataka uiache nyumbani.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Dodoma ile ya kupasua midomo. Baba mdogo alikuwa anampeleka Bibi hospitali ya Mvumi kufanyiwa operesheni ya jicho, nami niliambatana nao kumshika mkono. Jicho moja lilishakufa, la pili liliona vivuli tu, na daktari mgeni wa kazi hiyo alikuwa anaondoka siku hiyohiyo.

Tulipanda kipanya cha Baba mdogo, kimojawapo cha haya magari ya Japani yaliyokwisha tumika, yanayoingia tangu biashara ifunguliwe. Chini ya kiti cha nyuma kina hita. Maji ya moto ya injini, yaliyotiwa dawa ya kijani yenye harufu tamu, hupita humo yakapasha joto ndani. Baba mdogo aliiwasha ili mama yake asisikie baridi. Bibi alipakata dumu la asali, zawadi ya kumpelekea mwenyeji wetu wa huko Mvumi.

Kabla ya nusu ya njia nikasikia mguu wa kushoto umelowa. Maji ya vuguvugu, ya kijani, yanateleza, na harufu tamu ikajaa garini.

"Mama, si nilikwambia dumu hilo bovu?" Baba mdogo alifoka. "Sasa umenichafulia gari!"

Bibi alipapasa dumu lake. Mimi nilijua si asali. Asali gani inamwagika ikiwa na vuguvugu? Lakini kumkatiza mkubwa akiwa amekasirika, tena mbele ya mama yake! Nikajiambia huo ndio utii. Nikafuta sakafu kwa soksi zangu, kimyakimya.

Vioo vikaingia ukungu, kisha gari likachemsha, mvuke ukitoka kila upande. Baba mdogo akaruka nje na kitambaa, akashika kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini.

"Usifungue!" nilipiga kelele. "Yatakuunguza!" Hilo nililijua kutoka darasa la fizikia.

Akanigeukia. "Kumbe una sauti!"

Basi nikamwambia kuwa hita inavuja, lakini neno la asali sikuligusa. Tulisubiri injini ipoe, huku jua likipanda. Akachomoa mipira miwili iliyopeleka maji kwenye hita, akachonga vijiti viwili akaiziba. Mzee mmoja aliyepita na baiskeli akatupatia kamba zake za mpira. "Mnafunga gari kama mzigo wa kuni!" alicheka. Nilikaza zile kamba kwenye mipira mpaka vidole vikawaka. Maji yetu yote ya kunywa yakaingia kwenye rejeta, tukaenda polepole bila hita.

Tulimkuta muuguzi anakunja orodha ya wagonjwa. Akamwandika Bibi wa mwisho.

Pale kwenye benchi Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, ulianza kulowa lini?"

"Kabla Baba mdogo hajakugombeza, Bibi."

"Nilisikia unafuta. Nilikuwa nakusubiri useme."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikasimama, nikamfuata Baba mdogo mlangoni. "Asali haikumwagika hata tone. Nilijua, nikanyamaza."

Alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. "Nisamehe, Mama."

"Haya," Bibi alisema, akanyoosha mkono nimshike. "Sasa naweza kuingia."

Alitoka salama, na kesho yake bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichotazama ni miguu yangu isiyo na soksi. Alicheka sana.

Mdogo wangu, heshima si kunyamaza. Ukiona jambo linavuja, sema mapema, sema kwa adabu, hata sauti ikitetemeka. Na mtu akilaumiwa kwa kosa ambalo si lake nawe unajua, usisubiri akuulize. Mimi bado naona haya, lakini nasema hivyohivyo.

Nenda shule. Mungu akupe sauti kabla hujachelewa, na akuwekee karibu mtu wa kuisikia.