Falta ya namba saba

Leo nimemcheka mama wa watu, na sijui nitamwombaje radhi.

Nilikuwa kwenye ukuta wa uwanja wetu hapa Palma, nachora kwa mkaa picha kubwa tutakayoipaka rangi: bahari, jina la mji, na timu yetu ya kabla ya vita. Wachezaji wenyewe sikuwajua, nimewabuni tu.

Kaja mama muuza mihogo, anatokea kijiji cha Mute. Katua beseni, kaangalia weee, kisha kamgusa namba saba.

"Huyu ana falta."

Nikacheka. "Mama, hapo hakuna falta, hakuna faulo. Hajamkwatua mtu, mpira kauchukua safi." Nikaanza na kumfundisha sheria, mjinga mimi.

Akaningoja nimalize.

"Mwanangu, nasema falta ya shule."

Ile anayoandika mwalimu akiita jina na mtoto haitiki.

Jezi namba saba alikuwa akiifua yeye. Ya mwanawe, Bakari. Walipotezana siku tuliyoukimbia mji, na hajaonekana mpaka leo.

Nikamuuliza kama nimfute.

"Usimfute. Falta anaandikiwa mtu ambaye jina lake bado limo daftarini."

Sasa nyie mliocheza na Bakari, niandikieni hapa chini: alikuwa anapigia mguu gani? Nimemchora anatumia wa kulia.

Mama yake nilimuuliza. Hajui. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kufika uwanjani.