Chumba cha Pili

Mtandao ulipokatika Nyamongo, watu walitegemea mambo mawili: Revocatus Nyangwine angeonekana juu ya mnara, na baadaye lingefika gari kutoka Mwanza. Revocatus alivuta kebo, alibadilisha visahani vya antena, alipanda mapaa ya maduka mpaka magoti yakachubuka. Lakini tatizo likiwa ndani ya rauta kubwa, ile inayoamua taarifa za mji mzima zipite njia gani, yeye na mwenzake Selestine walikaa pembeni. Mtaalamu alishuka kwenye gari, akafungua kompyuta, akaandika mistari michache, akaondoka. Kufikia hapo zahanati ilikuwa imeshinda kutwa bila kupokea majibu ya vipimo, na mawakala wa pesa walikuwa wamefunga madirisha. Kazi ya vijana wawili wa Nyamongo ilikuwa kumshikia mgeni ngazi.

"Hivi tutashika ngazi mpaka lini?" Revocatus aliuliza siku moja, gari likiwa limeshatoka.

"Mpaka iote mizizi," alijibu Selestine.

Wote wawili ni wa kijiji cha Nyarero. Walitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, wamesimama bega kwa bega, kwa hiyo ni watu wa saro moja. Kwa Mkurya, mtu wa saro yako hayuko mbali na ndugu wa tumbo moja. Mnakula pamoja, mnalimiana, akipigwa umepigwa. Akikuomba kitu, humuulizi anakitakia nini. Walisoma stashahada ya kompyuta chuo kimoja na wakaajiriwa na kampuni moja ndogo ya mtandao. Kampuni ilipotangaza kwamba mwenye cheti cha juu cha mitandao ndiye atakayekabidhiwa rauta kubwa, na kwamba hapo gari la Mwanza halitaitwa tena, waliomba likizo pamoja.

Mafunzo yalifanyika Tarime mjini, nyuma ya duka la vifaa vya shule, wiki mbili mfululizo, asubuhi hadi jioni. Mambo ambayo chuoni yangechukua mwaka mzima yalibanwa humo. Mwalimu alikuwa Tabitha, mzaliwa wa Kisaka upande wa Serengeti, mwanamke mfupi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya simu na aliyekuwa na ulimi mkali. Alikuwa na utaratibu wake. Wanafunzi walipotoka kunywa chai, yeye alibaki na kuharibu kitu: anamchomolea huyu kebo, anabadilisha anwani ya kompyuta ya yule, anafunga njia ambayo asubuhi ilikuwa wazi. Walipoingia, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kompyuta kabla hajasema kwa sauti anadhani nini kimeharibika, na kwa nini.

Selestine aligusa kila mara.

"Toa mkono!" alifoka Tabitha. "Sema kwanza."

"Mwalimu, mimi nikitazama tu najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba imeharibika."

Darasa likacheka. Tabitha hakucheka. "Hata ng'ombe wangu wa Kisaka angelijua hilo, na yeye hajajiandikisha kusomea cheti." Akamgeukia Revocatus. "Nawe Nyangwine, sema. Unatafuna maneno kana kwamba unacheua."

Revocatus alisema polepole, mara nyingi alikosea, akaanza upya. Selestine alibahatisha hiki, akabahatisha kile, na mara nyingi mtandao ulirudi kabla mwenzake hajafika nusu ya maelezo yake. Akiulizwa amefanyaje, aliinua mabega.

"Umemponya mgonjwa, ugonjwa wake huujui," Tabitha alimwambia. "Akirudi kesho utampa dawa gani?"

"Zote, mwalimu. Mojawapo itashika."

Wiki ya pili wenye maduka walianza kumpigia Selestine wakitaka kufungiwa kamera. Mchana alipanda bodaboda kwenda Nyamongo, akisema masomo atayatazama kwenye video. Siku za mwisho kiti chake kilikaa wazi. Revocatus alibaki, akazungumza na rauta kwa sauti kama mtu anayegombana na mke wake.

Mtihani unaweza kufanywa kwenye kituo, au nyumbani mbele ya kamera, msimamizi akikutazama kutoka mbali. Revocatus alichagua kituo kilichoko Mwanza. Alifaulu kwa alama chache juu ya mstari. Tabitha alimtumia ujumbe: "Umepita. Sasa anza kujifunza."

Selestine alikuwa wa kwanza kumpongeza. Alimkumbatia, akamzungusha, akasema saro imepata daktari wa rauta. Kisha akamwomba afike kwake jioni, kwa sababu mtihani wa kwake, ule wa nyumbani, ulikuwa umekaribia.

Chumba alichopanga Selestine kilipakana na chumba kingine kilichokuwa hakina mtu. Revocatus alipoingia aliona vumbi la plasta sakafuni, na juu ya vumbi, ukutani, tundu la kutosha kupitisha kebo.

"Panya wako wana drili siku hizi?"

"Keti, mura." Selestine alifunga mlango. "Sikiliza. Mimi nakaa hapa, kamera inaniona mimi na ukuta. Wewe unakaa chumba cha pili. Kioo changu chote unakiona huko kupitia hii kebo. Hapa sikioni naweka kidude kidogo. Wewe unasoma, unasema, mimi nabonyeza. Basi."

Revocatus alitazama lile tundu. Lilikuwa limetobolewa vizuri, sawasawa, kazi ya mtu anayeijua kazi yake.

"Wakigundua, hata cha kwangu kinafutwa."

"Hawagundui."

"Na wasipogundua?"

"Wasipogundua nina cheti."

"Na rauta. Utakabidhiwa rauta siku ambayo mimi sipo. Hapo ndipo ninapoogopa."

"Sikukuita kwa ushauri," Selestine alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Nimekuomba kama mtu wa saro."

Hilo lilikuwa jambo zito kuliko mtihani, na wote wawili walilijua.  Revocatus akasema: "Sogeza tarehe. Nitakuja kila jioni tusome, mpaka mwalimu Tabitha mwenyewe akuogope."

"Nifundishwe na wewe? Tulisimama mstari mmoja, leo uwe mwalimu wangu?"

"Basi kwa Tabitha."

"Mura, nimeomba kitu kimoja tu."

"Nimekisikia. Hapana."

Hawakuwahi kuambiana neno hilo, si juu ya fedha, si juu ya ng'ombe, hata siku Selestine alipotaka kuazima shati ambalo Revocatus alikusudia kulivaa kupigwa picha. Selestine alifungua mlango, akasimama pembeni yake mpaka mwenzake alipotoka.

Kuna watakaosema Revocatus alijali karatasi kuliko ndugu. Ukweli ni kinyume chake. Aliyeiona karatasi tu ni yule aliyetoboa ukuta. Vijana wa Mara tumeshika ngazi muda mrefu, na tukikabidhiwa mitambo halafu tukaiendesha kwa kunong'onezewa, gari la Mwanza litarudi, na safari hiyo litakuwa na haki ya kurudi. Saro iliwekwa ili mtu asimame imara mbele ya kisu bila kutikisika. Haikuwekwa ili mmoja asimame na mwingine akatwe kwa niaba yake.

Jumapili Filemoni, mwenzao wa saro anayelima mahindi Nyarero, alichinja mbuzi kumpongeza Revocatus. Habari ya chumba cha pili ilikuwa imeshafika, ingawa kila mmoja alijifanya hajui. Kisu alikuwa nacho Selestine. Siku zote nyama ya wenzake aliigawa yeye. Alikata, akampa huyu, akampa yule, kila kipande kikienda mkononi kwa mtu. Alipofika kwa Revocatus alimpita, akampa aliyefuata.

"Selestine, umeruka mtu," alisema Filemoni.

"Sijaruka. Nimewapa wa saro yangu."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya jiko mbwa wawili walikuwa wakigombea mfupa. Filemoni alisogea karibu na Revocatus, akanong'ona: "Si ungemsaidia tu? Karatasi hiyo."

"Ulipompeleka mwanao zahanati mwezi uliopita, majibu ya damu yalikuja kwa njia gani?"

"Kwa waya."

"Waya anauamuru nani?"

Filemoni alitazama nyama iliyokuwa mkononi mwake. Hakumpa Revocatus, aliendelea kula. Revocatus alikaa mpaka watu wote waliposhiba, kwa sababu kuondoka mapema kungekuwa kukubali kwamba si mwenzao, kisha akaaga na kutembea kwenda kwao.

Selestine alifanya mtihani peke yake siku ile ile iliyopangwa. Tundu alilifunika kwa kalenda. Alishindwa vibaya. Maswali ya kueleza sababu karibu yote alikosa, na yale ya kurekebisha alipata baadhi.

Rauta ilikabidhiwa kwa Revocatus. Mara ya kwanza ilipozingua alihangaika nayo asubuhi nzima, jasho likimtoka, meneja akiuliza kila baada ya muda kama waite gari. Mchana ikaanza kufanya kazi. Selestine alikuwepo, alimpokeza kebo alizoombwa, akamwita "Bwana Nyangwine". Lile la mura, wanaloitana vijana wa Kikurya, halikutoka mdomoni mwake. Miezi ikapita hivyo. Walipanda mnara mmoja, mmoja juu na mwingine chini, wakiongea habari za kazi tu.

Halafu Jumamosi moja Selestine alifika kwa akina Revocatus, Nyarero, na swichi kuukuu ya mtandao ndani ya mfuko wa rambo. Alimwamkia mama wa nyumba, "Shikamoo mama", akaitikiwa. Revocatus alikuwa anatengeneza banda la kuku. Aliweka nyundo chini.

"Nimekuja kusoma," alisema Selestine. "Sijaja kupatana."

"Sawa."

"Nilimpigia Tabitha. Amesema darasa lake limejaa, niende kwa yule anayecheua."

 Revocatus aliingia ndani, akatoka na kompyuta na kiti cha pili. Walikaa kivulini mwa ukuta wa nyumba. Revocatus alichomoa kitu ambacho Selestine hakukiona, kisha akamsogezea kompyuta. Mkono wa Selestine ulikwenda kwenye vitufe.

"Sema kwanza."

Selestine alimtazama kwa chuki ya kweli, si ya mchezo. Akaurudisha mkono, akaanza kusema. Alikosea. Akaanza tena. Mama Nyangi, mama yake Revocatus, alipoita watu waje kula ugali, Selestine alijibu kwamba ameshiba, na wote waliona kwamba hakuwa amekula tangu asubuhi. Revocatus naye hakuondoka kwenda kula. Waliendelea mpaka betri ilipokwisha, na Selestine akaondoka na swichi yake bila kuaga vizuri.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata hiyo. Chakula bado anakataa. Tarehe ya mtihani wake wa pili hajaipanga. Anasema ataipanga siku atakayoweza kumweleza Revocatus tatizo lote, mwanzo hadi mwisho, bila kusahihishwa hata mara moja. Juma lililopita alisahihishwa mara moja tu, wakabishana juu ya sahihisho hilo mpaka kuku wakaingia bandani, na ikaonekana Selestine ndiye aliyekuwa sahihi.