Habari Iliyomtangulia Fulgence

Arlette alipoanza blogu yake, akiwa mwaka wa kwanza wa udaktari pale Bunia, wasomaji wake walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Aliiita Koti Kubwa, kwa sababu fundi alimshonea koti jeupe lililompita magoti. Aliandika kwa simu, juu ya harufu ya dawa katika chumba cha maiti, juu ya majina ya mifupa yasiyokaa kichwani. Yves, mwenzake wa benchi moja, alimcheka.

"Docta Blogu, leo unatuletea mufupa gani?"

"Ule wa kichwa chako, nikiupata."

Vita vilikuwa vimerudi katika vilima vya Djugu. Majeruhi walipozidi mikono ya wauguzi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza nao wakaitwa wodini kubeba maji na kugeuza wagonjwa. Ndiko Arlette alikokutana na Serge, kijana wa Kpandroma, huko vilimani, aliyepigwa risasi ya tumbo shambani kwake. Kila asubuhi Serge alimwuliza kama huko juu mvua imenyesha, maana viazi vyake vilikuwa bado ardhini. Kisha alipiga mluzi, polepole, kwa pembe moja ya mdomo. Ile nyingine ilikuwa na kovu la moto tangu utotoni. Asubuhi moja hakuuliza juu ya mvua. Alikufa kabla ya adhuhuri, amemshika Arlette mkono.

Jioni Arlette aliandika. Hakutaja jina wala kijiji. Aliandika mvua, viazi, mluzi, kovu. Yalikuwa maandishi mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Alilijua hilo, na lilimpa furaha ndogo ambayo baadaye aliona haya kuikumbuka. Watu wakayapitisha kutoka simu hadi simu.

Mama haambiwi kifo cha mwanawe hivihivi. Huambiwa kwanza kwamba mtoto anaumwa. Wanawake wa jirani huingia mmoja mmoja, kama waliokuja kuomba chumvi, wakakaa karibu naye. Ndipo mzee wa ukoo naye anaketi, anasema. Arlette aliyajua haya; kwao Boga, kifo cha baba yake kilitangazwa vivyo hivyo. Ila alidhani kwamba asipotaja jina, hajatangaza.

Fulgence, baba mdogo wa Serge aliyeishi Bunia, alikuwa ameshapanda pikipiki kuipeleka habari kwa mama. Mapigano yalifunga barabara, akakwama katikati ya safari. Blogu haikukwama. Ilimkuta Joséphine, mama wa Serge, sokoni Kpandroma, amesimama nyuma ya viazi vyake. Msichana wa duka la pembeni aliwasomea wenzake kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Alipofika kwenye kovu la mdomo, mama akaanguka.

Barabara ilipofunguka, Fulgence alimteremsha Joséphine hadi Bunia, ambako Serge alikuwa amekwisha kuzikwa, na matanga yakawekwa nyumbani kwa Fulgence. Yves ndiye aliyeleta habari hizi, safari hii bila mzaha.

"Futa ile kitu, ukae kimya," alisema. "Jina lako haliko pale. Nani atajua ni weye?"

"Nitajua miye."

"Sasa utaenda kuwaambia nini?"

Arlette alifuta maandishi, akaona hakuna kilichofutika. Akawaza kuacha masomo. Mgonjwa gani tena angempa mkono? Mwishowe akaenda matangani, koti ameliacha nyumbani.

Joséphine alikuwa mkekani kati ya wanawake, kilemba kimemlegea. Arlette akapiga magoti.

"Mama, ni miye njo niliandika ile habari ya Serge."

Fulgence akainua kichwa. "Juu ya nini haukuningojea, mutoto? Nilikuwa njiani."

"Unisamehe, baba. Sikuwaza."

Joséphine aliitazama mikono ya msichana.

"Ulikuwa naye?"

"Ndiyo, mama. Mpaka mwisho."

"Miye nilisikia nikiwa nimesimama," mama akasema. "Viazi mikononi, na mutu wa kuegemea hakuna."

Akasogea, akamwachia nafasi mkekani. Wanawake nao wakasogea, bega kwa bega, mpaka hapakubaki mwanya kati yao na yeye.

"Sasa niambie. Lakini usianze na kufa. Anza na kusema mutoto wangu anaumwa."

Arlette aliketi.

"Mama Joséphine," alisema, "Serge anaumwa kidogo."

"Anaumwa wapi?" mama akauliza.