Mama aligoma kung'oa jino mara mbili, miwani ya VR ikamvusha kwenye sindano

Wakuu, habari za muda huu. Haya yametokea kwetu, siongezi chumvi.

Mimi ni mwalimu hapa Bariadi. Mama anaishi kijijini Migato, analima na ana ng'ombe wake. Haogopi fisi wala nyoka, ila daktari wa meno ndio kiboko yake.

Akiwa binti, fundi mmoja wa mnadani alimng'oa jino kwa koleo, bila ganzi, wanaume wawili wamemshika. Tangu hapo akawa mtu wa panadol na kutafunia upande mmoja.

Safari hii gego lilioza mpaka shavu likavimba, homa juu. Nikamleta mjini kwenye clinic moja. Daktari, dada aliyehamia huku kutoka Tanga, akampa antibiotics, uvimbe ukapungua. Akatuambia wazi: jino likibaki usaha utarudi, na ukishuka shingoni unaweza kuziba pumzi.

Mama akakaa kwenye kiti. Alipoiona sindano, akashuka, akavaa kandambili, akaenda zake stendi. Wiki iliyofuata, vilevile.

Nikasema safari ya tatu hatoki na lile jino, lakini kumshika kwa nguvu sitaki.

Siku hiyo daktari akaja na VR headset. Kama hujaiona, ni lidude unavaa machoni, unajikuta umehamia sehemu nyingine kabisa.

Mama akaikataa. "Ukinifunga macho nitajuaje unanifanya nini?"

Swali la maana. Daktari hakucheka. "Nitakwambia kila kitu kabla sijakifanya, mayu. Ukiinua mkono, naacha." (Mayu ni mama kwa Kisukuma.)

Nikavaa mimi kwanza. Nikajikuta chini ya maji, samaki wakubwa wananipita. Nikarudi nyuma, nikagonga meza. Mama akacheka huku ameshika shavu.

Akakubali kuvaa.

"Hawa samaki wa Lamadi?" akauliza. Nikamwambia hapana, hawa ni wa baharini, si wa ziwani kwetu. Daktari akamwambia sindano inaingia. Mama akaniminya vidole mpaka vikafa ganzi, lakini hakuinuka.

Ganzi ikakolea. Daktari anataka kuanza kung'oa, mama akainua mkono.

Nikajua tayari, stendi tena.

"Nivue hii," akasema kwa ulimi mzito. "Sisikii maumivu. Sasa nataka nikuone wewe unayening'oa."

Daktari akamvua. Mama akamtazama usoni, akashika kingo za kiti, akafungua mdomo mwenyewe. Hakuna aliyemgusa bega.

Likatoka.

Nilichojifunza wakuu: hiyo teknolojia haing'oi woga. Mama ilimvusha kwenye sindano tu, kule kwingine kaenda kwa miguu yake. Na ile ahadi ya kuacha akiinua mkono, daktari angeivunja, tusingemrudisha tena pale.

Hivi tunavyoongea anataka tarehe ya kuziba jino la upande wa pili. Kaomba mwenyewe.

Kama kuna aliyewahi kuitumia, hasa kwa watoto, atupe uzoefu. Na wewe unayeficha jino bovu, tueleze kinachokuzuia.